Kibiti Si Jina la Chuki



Juma hili tunaomba ruhusa yenu tutoke kidogo katika masomo ya Misa na kuifuata barabara ya Kilwa kuelekea kusini. Tupite Mbagala na Kongowe, tuiache Mkuranga nyuma, tupite Kimanzichana, Jaribu Mpakani na Bungu, hadi tufike Kibiti, na mbele yake Ikwiriri na mto Rufiji. Ni barabara ambayo wengi wetu tumeisafiri tukienda Lindi au Mtwara, tukinunua korosho na mananasi dirishani. Lakini kuna miaka ambapo abiria walipokaribia Jaribu walinyamaza, na dereva hakutaka kusimama hata kwa kuchimba dawa. Tangu miaka ile jina la Kibiti limebaki katika vinywa vya watu kama jina la kitu kibaya. Tumelisikia likitumiwa hivyo hata uwanjani baada ya Misa, mtu akimwambia mwenzake aliyekasirika kwamba asimletee mambo ya Kibiti. Jambo hilo limetufanya tuandike tafakari hii, kwa sababu tunaamini kwamba historia ya watu wale ni pana kuliko miaka mitatu ya bunduki, na kwamba ndani ya miaka hiyohiyo mitatu kulikuwa na wema ambao hatujausimulia.

Tuanze na nchi yenyewe. Mto Rufiji unazaliwa pale Kilombero na Luwegu inapokutana, unapokea maji ya Ruaha Mkuu, kisha unateremka hadi baharini na kugawanyika katika matawi mengi yanayoikabili Mafia. Hapo ndipo penye msitu mkubwa wa mikoko, hekta zipatazo 53,000, ambao hauna mfano wake katika pwani yote ya Afrika Mashariki. Ndani ya mikoko hiyo kuna watu: Salale, Mbwera, Maparoni, Kiongoroni, Msala. Huko mtumbwi ndio gari, na ndio unaombeba mgonjwa, bibi harusi na maiti. Juu kidogo, katika bonde, Warufiji na Wandengereko wamelima kwa kulitii furiko. Maji yakija wanavuna mpunga, yakipungua wanapanda mlau kwenye tope lililobaki, na nyakati za kulinda mazao dhidi ya nguruwe na ndege wanapanda kulala kwenye dungu. Watu wa namna hiyo hawawezi kuishi kila mtu peke yake. Mto usiotabirika huwafundisha watu kukopeshana mbegu.

Wengi wetu tulijifunza shuleni kwamba Vita vya Maji Maji vilianza Umatumbi mwezi Julai 1905, watu wa Nandete walipong'oa pamba ya serikali ya Wajerumani. Kinjikitile Ngwale alikaa Ngarambe, si mbali na Rufiji, na kwa miezi mingi kabla ya vita watu walimiminika kwake kuchukua dawa ya maji, habari ikipita kwa mnong'ono uliojulikana kama njwiywila. Tunaomba tusimame hapa kidogo. Sisi huwa tunakumbuka kwamba maji hayakuzuia risasi, na tunasikitika au tunacheka. Tunasahau kwamba kabla ya kuwa dawa ya vita, maji yale yalikuwa mwaliko. Watu wa makabila ambayo hayakuwa na desturi ya kuaminiana walikutana Ngarambe, wakanywa maji mamoja, wakarudi kwao wakijiona ni ndugu. Chuki ya viboko vya akida na kazi ya shokoa katika mashamba ya pamba ilikuwa kweli, na ilikuwa na haki yake. Undugu ule nao ulikuwa kweli.

Kinjikitile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita vikiwa vimeanza tu. Siku kumi baadaye, tarehe 14 Agosti, karibu na Liwale, mahali paitwapo Mikukuyumbu, aliuawa Askofu Cassian Spiss wa shirika la Wabenediktini pamoja na mabruda wawili na masista wawili, wakiwa njiani kutoka Kilwa kwenda Peramiho. Kanisa letu la Tanzania linawakumbuka kwa heshima, na ni haki. Hata hivyo tunadhani si vizuri kuisimulia habari yao kana kwamba wapagani waliwaua watakatifu kwa kuichukia imani. Waliowaua waliona msafara wa Wazungu katika nchi ambayo Wazungu walikuwa wanawachapa viboko. Hawakuwa na njia ya kujua kwamba hawa walibeba rozari wala si bunduki. Chuki ina tabia hiyo: inamwangalia mtu na kuona kundi lake tu. Na serikali ya Kijerumani ilipolipa kisasi nayo haikubagua. Vijiji vilichomwa, maghala yaliteketezwa, na njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi. Wajerumani wenyewe walikadiria waliokufa kuwa 75,000, na wanahistoria waliokuja baadaye wametaja idadi inayofika hata 300,000. Ilichukua zaidi ya karne moja mkuu wa dola ya Ujerumani kuja kusimama Songea, tarehe 1 Novemba 2023, mbele ya wazao wa Chifu Songea Mbano, na kuomba msamaha. Jina lake ni Frank-Walter Steinmeier. Tunalitaja kwa sababu kuomba msamaha kwa niaba ya wafu si kazi nyepesi, na wapo wengi waliotangulia katika cheo hicho ambao hawakufanya hivyo.

Habari ya manowari ya Königsberg tutaipita upesi. Wajerumani waliificha katika matawi ya Rufiji mwaka 1914, Waingereza wakaisaka kwa miezi mingi, na ikazamishwa tarehe 11 Julai 1915. Vitabu vingi vimeandikwa juu ya meli hiyo, na ndani yake watu wa delta huonekana kama vile miti ya mikoko, yaani ni sehemu ya mandhari.

Lililo karibu zaidi na mazungumzo yetu ni furiko kubwa la mwaka 1968. Baada ya furiko hilo serikali ya Mwalimu Nyerere iliendesha Operesheni Rufiji, na maelfu ya watu wakahamishwa kutoka bondeni kwenda kwenye vijiji vya ujamaa vya sehemu za juu. Wazee hawakuipenda. Mashamba yao yalibaki chini na nyumba zao zikawa juu, na mkulima akalazimika kutembea saa nyingi au kurudia maisha ya dungu. Lakini jambo moja lilitokea ambalo mipango ya serikali haikulikusudia sana. Watu wa vitongoji vilivyotawanyika, waliokutana zamani kwenye mazishi na ngoma tu, wakawa majirani wa ukuta kwa ukuta. Baadaye wakaja walimu, wauguzi, watumishi wa misitu na polisi kutoka bara, wafanyabiashara Wachaga na Wakinga, wafugaji Wasukuma na Wabarbaig waliofika na ng'ombe wao, hasa baada ya kuondolewa Usangu mwaka 2006. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003 na pantoni ya Ndundu kustaafu, milango ikafunguka zaidi. Kibiti ikawa mji wa watu wa kila namna, wengi wao Waislamu, na Wakristo wachache katikati yao. Ugomvi ulikuwepo, hasa wa mkulima na mfugaji, na ugomvi mwingine juu ya magogo, mkaa, mikoko na ushuru wa maliasili. Katika ugomvi wa namna hiyo kiongozi wa kijiji ndiye aliyesimama katikati, na mara nyingi ndiye aliyelaumiwa na pande zote.

Sasa tunafika kwenye miaka yenyewe. Usiku wa Januari 2015 kituo cha polisi cha Ikwiriri kilivamiwa, askari wawili wakauawa na silaha zikaporwa. Baada ya hapo yakafuata mauaji ya mmoja mmoja: mwenyekiti wa kijiji, mtendaji, mwenyekiti wa kitongoji, mgambo, kada wa chama. Wauaji walikuja mara nyingi usiku, mara nyingi kwa pikipiki, wakamwita mtu kwa jina lake mlangoni. Tarehe 21 Februari 2017 watu watatu walipigwa risasi kwenye kizuizi cha maliasili cha Jaribu, mmoja wao akiwa mkuu wa upelelezi wa polisi wa wilaya. Tarehe 13 Aprili 2017 askari polisi wanane waliuawa kwa pamoja katika shambulio la kuvizia eneo la Mkengeni, gari lao likiwarudisha kutoka lindoni. Juni mwaka huohuo askari wawili wa usalama barabarani waliuawa Bungu. Jumla ya waliouawa katika wilaya za Mkuranga, Kibiti na Rufiji ilitajwa kuwa wapata 40, na zaidi ya kumi kati yao walikuwa polisi. Hapakuwa na kundi lililojitokeza kusema ndilo lililotenda wala kueleza linadai nini.

Tunawaalika mfikiri hali ya kijiji katika miezi hiyo. Muuaji alijua jina lako na mlango wako, maana yake mtu fulani alimwonyesha. Ni nani? Ni jirani, ni mpwa, ni kijana anayekuuzia vocha? Hofu ya namna hiyo ni mbaya kuliko hofu ya simba, kwa kuwa simba huwakusanya watu na hofu hii huwatawanya. Wapo viongozi waliojiuzulu, wapo waliohama na kwenda kulala Dar es Salaam kwa ndugu. Serikali ilipiga marufuku pikipiki kutembea kati ya saa 12 jioni na saa 12 asubuhi, ikaunda Kanda Maalumu ya Kipolisi ya Rufiji, na vikosi vikamwagwa msituni. Marufuku ile ilikuwa na sababu inayoeleweka. Lakini kijijini pikipiki ndiyo inayompeleka mjamzito zahanati, na ndiyo inayompeleka ndugu msibani. Jua lilipotua, kila nyumba ikawa kisiwa.

Na hapa ndipo tunapopenda kuutazama msiba kwa makini. Watu wa pwani wana desturi ambayo sisi Wakristo wa bara tuliohamia Dar es Salaam tumeiiga bila kujua tumeitoa wapi. Mtu akifa, habari haingoji barua. Wanaume wanakwenda kuchimba kaburi, wanawake wanaingia jikoni kwa watu wasiokuwa wao, mikeka inatandikwa, daftari la ubani linafunguliwa na jina la kila mmoja linaandikwa na alichotoa, hata kama ni kilo moja ya unga. Watani wanakuja na mzaha wao, wanamkebehi marehemu, wanazuia jeneza mpaka wapewe chochote, na waliokuwa wakilia wanajikuta wanatabasamu. Watu wanalala matangani. Mjane anakaa eda miezi minne na siku kumi, na muda wote huo kuna mtu wa kumchotea maji na kumletea kuni. Utaratibu huo haumuulizi marehemu aliishije. Aliyekuwa mkorofi anazikwa, aliyekuwa na madeni anazikwa na madeni yake yanatangazwa kaburini ili ayachukue wa kuyachukua.

Fikirini, basi, maana ya kwenda kwenye msiba wa mwenyekiti aliyepigwa risasi juzi. Kuketi mkekani pale, mchana kweupe, ni kutangaza kwamba ulikuwa mtu wake. Anayehesabu waliokuja anaweza kuwa amekaa mkeka wa pili. Hata hivyo marehemu wale walizikwa. Waliswaliwa, walibebwa, waliwekwa makaburini kwa mikono ya watu waliokuwa na kila sababu ya kujifungia ndani. Magazeti yaliandika majina ya waliokufa, kama ilivyopasa. Hayakuandika majina ya waliopika. Sisi tunaona kwamba kitendo kile cha kwenda kuzika, kilichorudiwa msiba baada ya msiba kwa zaidi ya miaka miwili, ndicho kilichoizuia Kibiti isivunjike. Wataalamu wa usalama wana maelezo yao, nasi hatuyapuuzi. Lakini bunduki ingeweza kuwaondoa wauaji msituni na bado ikakiacha kijiji kikiwa lundo la watu wasioaminiana.

Kuna jambo jingine ambalo halionekani kwa sababu halikutokea. Kwingineko duniani mauaji ya namna ile yamewageuza majirani kuwa majeshi. Kibiti ilikuwa na kila kuni zinazohitajika kwa moto huo: Waislamu wengi na Wakristo wachache, wenyeji na wageni, wakulima na wafugaji, raia na dola. Askari waliouawa Mkengeni walikuwa wana wa mikoa mbalimbali, na miili yao ilipelekwa kuzikwa makwao. Viongozi wa vijiji waliouawa wengi wao walikuwa wana wa palepale. Ingekuwa rahisi mno kwa mtu wa bara kusema "wao", na kwa mtu wa Rufiji kujibu "ninyi". Vita vya dini havikuzuka. Mwalimu Mkristo aliyebaki kwenye nyumba yake ya shule aliendelea kufundisha watoto wa Kiislamu, na Ramadhani ilipofika, futari ilivuka uzio kama miaka yote. Historia huwa haitoi kumbukumbu kwa mambo ambayo hayakutokea, nasi tunadhani inakosea.

Majirani zetu wanayo mifano ambayo ilipata bahati ya kuandikwa. Tarehe 22 Novemba 2014, karibu na Mandera kaskazini mwa Kenya, wauaji walisimamisha basi, wakawatenga abiria kwa dini, wakawaua watu 28. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 21 Desemba 2015, wakasimamisha basi jingine karibu na El Wak, wakataka Waislamu na Wakristo watengane tena. Safari hii abiria Waislamu walikataa. Akina mama waliwavika wenzao Wakristo hijabu zao, na wanaume wakawaambia wale wenye bunduki wawaue wote pamoja au wawaache wote. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi siku hiyo na akafariki Januari 2016 akiwa hospitalini Nairobi. Taifa lake lilimpa nishani baada ya kufa. Filamu fupi iliyotokana na tukio hilo inaitwa Watu Wote, na mwaka 2018 iliingia katika orodha ya walioteuliwa kuwania tuzo ya Oscar. Na sisi Wakatoliki tunao vijana wetu wa seminari ndogo ya Buta, Burundi. Tarehe 30 Aprili 1997 waliamriwa wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule. Hawakujitenga. Vijana 40 waliuawa wakiwa wameshikana, na mchakato wa kuwatangaza wenye heri ulifunguliwa mwaka 2019. Tukiitazama Mandera pamoja na Buta tunaona kitu kilekile: chuki ilihitaji watu wakubali kujipanga mistari miwili, nao hawakukubali.

Papa Fransisko, aliyefariki tarehe 21 Aprili 2025, aliandika waraka wa Fratelli Tutti mwaka 2020, na sura yake nzima ya pili aliitumia kumtafakari Msamaria Mwema. Mfano huo tunaujua tangu katekesi, labda tunaujua kupita kiasi. Huwa tunajiweka upesi upande wa Msamaria na kumkemea kuhani na Mlawi. Watu wa Kibiti wakiusikia, nadhani wataona kitu ambacho sisi hatukioni: kwamba wanyang'anyi huenda bado wako vichakani. Kuhani na Mlawi hawakuwa lazima watu wabaya. Waliogopa. Msamaria alisimama mahali ambapo kusimama kulikuwa hatari, na alimsaidia mtu ambaye, angekuwa mzima, pengine asingemwamkia.

Lakini hatutakuwa wakweli tukiishia hapo, kwa sababu kuna misiba ya Kibiti ambayo haijawahi kuwekewa mkeka. Katika operesheni ya kuwasaka wauaji, watu wengi walikamatwa, na wengine waliuawa. Agosti 2017 polisi ilitangaza kuwaua watuhumiwa 13 kwa siku moja. Zilisikika pia, bungeni na nje ya bunge, sauti za familia zilizosema kwamba vijana wao walichukuliwa na hawakuonekana tena. Tarehe 21 Novemba 2017 alitoweka Azory Gwanda, mwandishi wa kujitegemea wa gazeti la Mwananchi aliyeishi Kibiti na kuripoti mauaji yale. Mkewe, aliyekuwa mjamzito, alieleza kwamba mara ya mwisho alimwona akiwa ndani ya gari pamoja na watu asiowafahamu. Julai 2019 waziri wa mambo ya nje wa wakati huo alitamka katika mahojiano na BBC maneno yaliyoeleweka kuwa Azory amekufa, kisha akafafanua kwamba hakukusudia kuthibitisha kifo. Mpaka leo familia haina kaburi la kulia juu yake. Mwezi Februari 2018, katika ujumbe wao wa Kwaresima, maaskofu wetu waliusema wazi uchungu wa taifa juu ya watu kutekwa na kuuawa, nao wakasemwa sana kwa hilo.

Tunalileta jambo hili mbele yenu kwa sababu ndipo penye mtihani wa wema wetu. Ni rahisi kumchotea maji mjane wa mwenyekiti aliyeuawa. Kila mtu anajua alikosewa. Ni nani anamchotea maji mama wa kijana aliyetuhumiwa? Huyo hana daftari la ubani. Akienda kisimani wengine wananyamaza, na watoto wa mwanawe shuleni wanaitwa majina. Wapo watakaotuambia kwamba kumhurumia huyo ni kuwakosea askari waliokufa. Sisi hatuoni hivyo. Mama yule hakuua mtu. Na kijana ambaye hakupelekwa mahakamani hakuna ajuaye, ila Mungu, kama alikuwa muuaji au mvuvi aliyekutwa mahali pabaya saa mbaya. Ile desturi ya pwani tuliyoisifu, inayozika bila kuuliza marehemu aliishije, ilisimama hapa, kwa hofu na kwa sababu hapakuwa na maiti ya kuzika. Kijiji kinachotaka kupona kitalazimika kuufikia mlango huo pia. Katika nchi yetu, ambako tumezoea kusema kwamba yaliyopita si ndwele, tunaona ugumu wake. Lakini ndwele isiyotajwa huwa haiponi, inahamia tu kwa watoto.

Je, tumaini liko wapi? Aprili 2024 mvua za masika zilizidi. Waziri Mkuu aliliarifu Bunge tarehe 25 Aprili kwamba nchi nzima watu 155 walikuwa wamekufa kwa mafuriko na maporomoko, na watu wapatao 200,000 walikuwa wameathirika. Rufiji na Kibiti zilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia zaidi. Mashamba yalizama, nyumba zikabaki mapaa, na pale Mohoro, aliponyongwa Kinjikitile, watu walipita kwa mtumbwi walikopita kwa baiskeli. Ukazuka mjadala mkali juu ya bwawa la Nyerere, kama lilizidisha maji au liliyapunguza. Serikali ilisema liliyapunguza, na wenye mashamba walikuwa na maswali yao. Mwezi Mei kimbunga Hidaya kikapiga pwani, na barabara yetu hiyohiyo ya kusini ikakatika eneo la Somanga.

Tuliyatazama mafuriko yale kwa jicho la mtu anayekumbuka mwaka 2017. Walewale waliokuwa wakijifungia jua linapotua walifungua milango usiku. Waliokuwa sehemu za juu waliwapokea wa bondeni, kama ilivyokuwa mwaka 1968, ndugu kwa ndugu na asiyekuwa ndugu pia. Wengine wakahifadhiwa shuleni na kambini. Mwenye mtumbwi alibeba watu kabla ya kubeba mali. Michango ilitoka mikoa mingi, misikitini na makanisani, na magunia ya unga yalipita Jaribu Mpakani, mahali ambapo miaka saba kabla yake hapakupitwa ila kwa hofu. Hatusemi kwamba majeraha yamefungwa. Tunasema kwamba desturi ile ya mkeka haikufa, na kwamba waliodhani wameiua kwa kuwaita watu mlangoni usiku walishindwa.

Misa ya Jumatano jioni juma hili tutaitolea kwa ajili ya marehemu wote wa Kibiti, Mkuranga na Rufiji wa miaka ile, na kwa ajili ya waliotoweka. Katika jumuiya zetu ndogondogo wapo wenye ndugu walioishi au kufanya kazi huko. Anayetaka jina litajwe altareni aliandike kwenye karatasi na kuliacha sakristia kabla ya Jumanne jioni, liwe la Mkristo au la Mwislamu, la askari, la mwenyekiti, au la kijana ambaye familia yake bado haijui imwombee kama aliye hai au kama marehemu. Baada ya Misa akina mama wa WAWATA watatandika mikeka ukumbini, na chai itakuwepo.